Mgonjwa wa saratani anapopungua uzito: mwongozo kamili kwa anayemuuguza nyumbani

Shangazi alifika kwetu Umoja, Nairobi, kutoka Voi akiwa na kilo 68. Alikuja kutibiwa saratani ya koromeo: vikao 35 vya mionzi, Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki saba, na kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, ndani yake. Kufikia wiki ya nne alikuwa na kilo 63, na nyumbani hakuna aliyeshtuka. Tulijua saratani hukondesha. Tukasema akimaliza matibabu tutamlisha mpaka arudi alivyokuwa.

Aliyeshtuka ni dada wa chumba cha mionzi. Mgonjwa wa kichwa na shingo hufungwa barakoa ya plastiki iliyofinyangwa juu ya uso wake mwenyewe, ili asisogee na miale ipige palepale kila siku. Asubuhi hiyo yule dada akamfunga shangazi barakoa, akachomeka kidole kati ya plastiki na shavu, kidole kikazama bila kusukumwa. Akaifungua. "Mama, umekonda mpaka barakoa imekuwa ya mtu mwingine." Ikabidi apigwe picha upya na mpango wa mionzi upangwe upya. Zile kilo tano tulizozihesabu kama nauli ya ugonjwa zilikuwa zimeanza kuchezea tiba yenyewe.

Hata wasiofungwa barakoa hawasalimiki. Dozi ya dawa nyingi za kemo hukadiriwa kwa urefu na uzito, na mgonjwa aliyedhoofika mara nyingi hupunguziwa dozi au huambiwa arudi wiki ijayo. Kwa hiyo haya ninayoyaandika ni ya kuanza nayo siku ya kwanza ya matibabu, kabla nguo hazijaanza kupwaya. Daktari wako anabaki kuwa daktari wako. Mimi nakupa kazi za jikoni, za daftari na za foleni.

Kwanza elewa kinachoendelea mwilini

Mtu mzima mwenye afya akikosa chakula, mwili wake hubana matumizi. Huchoma mafuta, hupunguza mwendo, na huilinda misuli kadiri unavyoweza. Katika saratani ulinzi huo huvurugika. Uvimbe, pamoja na kinga ya mwili inayopigana nao, humwaga kwenye damu kemikali zinazouweka mwili katika hali ya vita, kana kwamba mtu ana homa ya chinichini isiyoisha. Kemikali hizo hufika kwenye ubongo na kuzima hamu ya kula. Hufika kwenye misuli na kuamuru ivunjwe. Ini huchukua vipande vya protini vilivyotoka kwenye misuli hiyo na kuvitumia kutengeneza protini za vita na sukari. Insulini, homoni inayoingiza sukari kwenye seli, nayo huwa kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyosikia.

Kuna na hasara nyingine. Seli nyingi za saratani hutumia sukari kwa fujo: huivunja nusunusu na kutupa asidi ya laktiki. Ini huiokota asidi hiyo na kuijenga upya kuwa sukari. Kwa kila molekuli moja ya sukari, uvimbe umefaidi vipimo viwili vya nishati, ini limelipa sita. Mgonjwa amelala kitandani, na bado mwili wake unalipa bili.

Hali hii huitwa kakeksia. Alama yake kuu ni kuisha kwa misuli, mafuta yapungue au yasipungue, na chakula peke yake hakiwezi kuirudisha yote. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa mnene na huku misuli inaliwa chini kwa chini. Huwapata zaidi wenye saratani ya kongosho, tumbo, umio, koromeo na mapafu. Wenye saratani ya matiti mara nyingi huongezeka uzito wakati wa tiba kwa sababu ya homoni, steroidi na kukaa sana, na hao wanahitaji ushauri tofauti na huu.

Sehemu ya pili ya kukonda ni rahisi kuieleza: mgonjwa hali, kwa sababu mdomo unauma, chakula kinanuka, tumbo halijapata choo siku nne. Hapa ndipo wewe mwenye sufuria una nguvu.

Na kabla ya sufuria, acha kumgombeza. Nilimwambia shangazi siku moja, "Jikaze ule." Akanitazama. "Mwanangu, ukipewa mchanga uule, utajikaza?" Baadaye nilijifunza kwamba alikuwa akisema kweli tupu. Mionzi na kemo huharibu vionja ladha, nyama ikawa na ladha ya misumari na ugali ukawa mchanga.

Hatua ya 1: Mizani na daftari

Pima kila wiki, siku ileile, mizani ileile. Sisi tulichagua Jumatatu asubuhi, baada ya choo na kabla ya chai, shangazi akiwa na kanga tu. Kama huna mizani nyumbani, ya duka la dawa la mtaani inatosha, na hata wale vijana wanaopima watu kando ya barabara mjini wanafaa, mradi urudi kwa kijana yuleyule. Mizani mbili tofauti zitakuletea kilo mbili za uongo.

Hesabu ni hii: chukua uzito wa kabla ya ugonjwa, toa wa sasa, gawanya kwa ule wa kwanza, zidisha kwa 100. Shangazi: 68 toa 63 ni 5, 5 kwa 68 ni kama asilimia 7. Mwaka 2011 jopo la wataalamu wa kimataifa lilikubaliana kwamba kupoteza zaidi ya asilimia 5 ndani ya miezi sita bila kukusudia kunatosha kuitwa kakeksia, na kwa mtu ambaye tayari ni mwembamba au amepoteza misuli, zaidi ya asilimia 2 inatosha. Kwa mtu wa kilo 60, asilimia 5 ni kilo tatu tu. Mimi singesubiri zifike. Wiki mbili mfululizo za kushuka, mpigie mtu wa kliniki.

Mizani ina ujanja wake. Miguu ikivimba au tumbo likijaa maji, uzito unaweza kupanda huku misuli ikiisha. Basi tazama pia vishimo vya pembeni mwa paji la uso, pete inayozunguka kidoleni, mkono wa juu. Kipimo nilichokipenda zaidi hakina gharama: mwambie ainuke kwenye kiti mara tano bila kushika mikono, uhesabu sekunde. Sekunde zikiongezeka wiki hadi wiki, misuli ya mapaja inaondoka, hata mizani ikisema hakuna kitu.

Daftari letu lilikuwa na safu nne: uzito, alichokula, kilichomzuia kula, choo. Daktari ana dakika chache na foleni ndefu nje ya mlango. Ukimwambia "hali vizuri", atakuambia mjitahidi. Ukimwonyesha kwamba kapoteza kilo 2.4 ndani ya wiki tatu na kwamba kila siku ya tatu baada ya kemo anatapika mara nne, atashika kalamu.

Hatua ya 2: Jua anahitaji kiasi gani

Miongozo ya lishe ya Ulaya kwa wagonjwa wa saratani inataja kalori 25 hadi 30 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, na protini zaidi ya gramu 1 kwa kilo, ikiwezekana hadi 1.5. Kwa shangazi mwenye kilo 63 ilikuwa kalori kati ya 1,600 na 1,900, na protini tulilenga gramu 75 hadi 95. Mwenye ugonjwa wa figo au kisukari asijipangie protini na sukari mwenyewe, aulize kwanza.

Protini ndiyo inayowashinda wengi, kwa sababu sahani yetu ya kawaida ni mlima wa wanga na vipande viwili vya nyama pembeni. Yai moja lina gramu 6 hivi. Glasi ya maziwa au mala ya mililita 250 ina 8. Vijiko viwili vikubwa vya siagi ya karanga vina 7. Kikombe cha maharagwe yaliyoiva kina kama 15, na kiganja cha kuku au samaki aliyepikwa kinaweza kufika 25. Omena (dagaa) ndiyo mfalme wa bei nafuu: ikaange kavu, itoe vichwa, isage iwe unga, nyunyiza kijiko kwenye mchuzi au wali uliopondwa. Shangazi wa Voi asiyekuwa na habari na omena aliila wiki mbili bila kujua, na alipojua alikuwa amekwisha kuizoea.

Mafuta ni rafiki. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori kama 120, na parachichi moja la wastani linapita 250. Mpaka ugonjwa upite, sahau kila ulichoambiwa kuhusu chakula kisicho na mafuta.

Hatua ya 3: Tafuta kinachomzuia kula

Hapa kaa zaidi. Usimuulize "Mbona huli?" Muulize "Nini kinakuzuia?" na usubiri jibu, maana kila jibu lina dawa yake.

Kichefuchefu kwanza, kwa sababu watu wengi huvumilia bure. Dawa za kuzuia kutapika zipo na ni nzuri, lakini humezwa kwa saa, kabla kichefuchefu hakijapanda. Nilimkuta shangazi akiwa amezifunga kwenye leso, "za kutumia nikizidiwa". Akizidiwa anatapika na dawa inatoka nayo. Mpe kama nusu saa kabla ya kula, kama ilivyoandikwa. Dawa ikishindwa, rudi useme. Ziko za aina nyingi. Chakula cha baridi au vuguvugu hakinuki kama cha moto, kwa hiyo vitunguu vikaangwe mgonjwa akiwa chumba kingine au nje kwenye veranda. Lakini kama anapewa dawa iitwayo oxaliplatin, usimpe cha baridi: inawasha vidole na kubana koo. Na siku ya kemo usimpikie chakula anachokipenda kuliko vyote, ubongo utakihusisha na kutapika na hatakitamani tena. Sisi tulipoteza samaki wa nazi namna hiyo, mpaka leo.

Vidonda vya mdomo na koo. Maji ya kusukutua: chemsha lita moja, acha yapoe, tia kijiko kidogo cha chumvi na kijiko kidogo cha bicarbonate ya soda (baking soda). Asukutue na kutema kila baada ya mlo na kabla ya kulala, mara nyingi kadiri awezavyo. Dawa za kusukutua zenye spiriti ziache dukani. Ndimu, nanasi, pilipili na nyanya zisubiri. Maumivu yakizidi, daktari anaweza kumwandikia dawa kali ya maumivu, hata mofini ya maji, anywe nusu saa kabla ya kula. Familia nyingi husikia mofini zikaona jeneza. Kwa shangazi, mililita chache za mofini zilikuwa tofauti kati ya vijiko vitatu vya uji na kikombe kizima.

Mofini hiyo, pamoja na baadhi ya dawa za kichefuchefu kama ondansetron, hufunga choo. Mtu asiyepata choo hasikii njaa, na hakuna anayekumbuka kumuuliza. Omba dawa ya kulainisha choo siku ileile unayopewa mofini.

Ladha ya chuma mdomoni: tumia kijiko cha mbao au plastiki, badilisha nyama na mayai, ndengu au kuku wa baridi, na kama hana vidonda tia ukwaju au ndimu. Mdomo mkavu: kila kitu kiwe na mchuzi, na chupa ya maji isitoke mkononi. Kushiba baada ya vijiko vinne: gawa chakula mara sita au nane, kila saa mbili, na chai inywewe baada ya kula. Chai ya rangi kabla ya chakula ni kiti kilichokaliwa bure. Wagonjwa wengi husikia njaa zaidi asubuhi, kwa hiyo mlo mkubwa uwe saa mbili asubuhi, hata kama ni wali na kuku.

Wale wenye saratani ya kongosho wakipata choo chenye mafuta, kinachoelea na kunuka sana, waseme. Kuna vidonge vya vimeng'enya vinavyomezwa pamoja na chakula, na bila hivyo wanalisha choo.

Halafu kuna siku ya kliniki, ambayo ni siku ya njaa. Tulitoka Umoja saa kumi na moja na nusu alfajiri kuwahi foleni, msongamano wa Barabara ya Jogoo ukatukuta tu, kipimo cha damu, kungoja majibu, kungoja daktari, kungoja dawa. Kurudi saa kumi jioni. Milo mitatu imepotea, mara tano kwa wiki. Wakati mwingine familia inatafuta kakeksia kumbe ni foleni. Tukaanza kubeba chupa ya chai iliyojaa uji, mayai mawili ya kuchemsha, ndizi na maziwa. Hakuna aliyetufukuza kwenye benchi. Uliza tu kwanza kama kipimo cha siku hiyo kinataka tumbo tupu.

Wageni nao. Kikundi cha maombi kikija saa sita na kuondoka saa tisa, mgonjwa hajala, anaona aibu kutafuna mbele yao. Waambie wageni waje baada ya mlo, na wakiuliza walete nini, usione haya kujibu: trei ya mayai.

Hatua ya 4: Uji unaofanya kazi

Uji wa wimbi wa kawaida, vijiko vitatu vya unga kwenye maji na kijiko cha sukari, una kalori kama 150 na protini gramu 2. Mgonjwa akinywa vikombe vitatu vya huo, amejaza tumbo maji ya rangi ya chokoleti.

Huu wetu ulikuwa hivi. Koroga vijiko vitatu vikubwa vya unga wa wimbi kwenye maziwa kidogo ya baridi. Chemsha maziwa mililita 300, mimina ule mchanganyiko ukikoroga, acha uchemke dakika kumi kwa moto mdogo. Epua. Tia kijiko kikubwa cha siagi ya karanga, vijiko viwili vya maziwa ya unga na sukari kijiko kimoja. Kikombe hicho kinafika kalori 500 na protini gramu 20 hivi. Viwili kwa siku, mayai mawili, glasi ya mala na kipande cha samaki, umefikia gramu 75 za shangazi.

Tatizo ni kwamba uji huo ni mzito na koo limechubuka. Dawa yake bibi zetu waliijua kabla ya maabara: kimea. Unga wa mtama au wimbi iliyooteshwa, ikakaushwa na kusagwa, una kimeng'enya kinachokata wanga. Uji ukishapoa kidogo, uwe wa moto lakini hauchemki, tia kijiko kidogo cha kimea, koroga, ngoja dakika kumi. Utauona ukilegea mbele ya macho yako bila kuongeza tone la maji. Uurudishe motoni uchemke kidogo kabla ya kumpa. Mara ya kwanza shangazi alidhani nimemwibia unga.

Karanga zilizokunjamana au zenye ukungu tupa zote. Usichague.

Hatua ya 5: Ugomvi wa sukari, bitruti na supu

Kila mgonjwa Nairobi atapata ujumbe kwenye simu kwamba sukari hulisha saratani, kwa hiyo aache ugali, wali, matunda na maziwa. Ukweli kidogo umo. Otto Warburg, mwanasayansi Mjerumani, aliona miaka ya 1920 kwamba seli za saratani hula sukari nyingi. Lakini mwili haungoji ugali ili upate sukari. Ukimnyima, ini linaitengeneza kutoka kwenye protini ya misuli yake. Uvimbe unakula kama kawaida, wewe umechinja paja la mgonjwa kuulisha. Miongozo ileile ya Ulaya inasema hakuna mlo unaojulikana kuponya saratani, na inaonya dhidi ya milo ya kujinyima kwa mgonjwa aliye hatarini kukonda. Soda tano kwa siku sizitetei. Kijiko cha sukari kwenye uji nakitetea.

Sina ugomvi na bitruti. Ugomvi wangu ni na jagi la juisi ya bitruti na karoti linalonyweshwa mtu ambaye tumbo lake linabeba vikombe viwili tu. Kalori chache, protini karibu hakuna. Kama anaipenda, glasi ndogo baada ya mlo.

Supu ya mifupa ndiyo ngumu kuisema mbele ya wazee. Ikichemka usiku kucha ina harufu nzuri na chumvi, inatuliza, lakini sehemu kubwa ni maji, na protini yake ya gundi haijengi misuli vizuri. Itumie kama maji ya kupikia: chemshia humo nyama laini, ndengu na viazi, saga vyote kwa blenda, tia kijiko cha mafuta. Hapo umepika.

Dawa za mitishamba, mwarobaini, unga wa mizizi ulioletwa na jirani: mwonyeshe daktari kabla ya kumeza. Baadhi hugongana na kemo, na ini tayari lina kazi.

Hatua ya 6: Misuli haijengwi kitandani

Protini bila kutumia mwili ni matofali bila fundi. Kutembea hadi geti na kurudi mara mbili. Kuinuka kwenye kiti mara tano, asubuhi na jioni. Kuinua chupa za maji za nusu lita kila mkono. Siku mbaya apumzike. Kama saratani imefika kwenye mifupa, muulize daktari kwanza nini hapaswi kuinua.

Hatua ya 7: Chakula salama

Kemo hushusha chembe nyeupe za damu, mara nyingi kati ya siku ya 7 na ya 14. Wakati huo mayai yaive mpaka kiini, maziwa yachemshwe hata yale ya mashine za mtaani, kachumbari ya kibandani na juisi ya miwa visubiri. Mutura pia. Najua.

Joto la mwili likifika digrii 38 kwa mtu aliye kwenye kemo, usingoje kesho wala usimpe dawa ya kushusha homa mkalala. Nendeni hospitali usiku huohuo na mseme mlangoni kwamba yuko kwenye kemo.

Hatua ya 8: Watu wa kuwatafuta

Omba kuonana na mtaalamu wa lishe mwanzoni, usingoje upelekwe. Hospitali kubwa zinazotibu saratani hapa mjini, Kenyatta na ile ya Chuo Kikuu cha Kenyatta kule Kahawa zikiwemo, zinao. Anayekufuata mtandaoni akiuza makopo ya virutubisho na kujiita mtaalamu wa lishe, muulize namba yake ya usajili ya KNDI, taasisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007 kusajili watu hao. Wengi hunyamaza hapo. Nairobi Hospice, iliyo ndani ya uwanja wa hospitali ya Kenyatta tangu 1990, husaidia sana na maumivu, na si lazima mtu awe anakufa ndipo aende.

Dawa za kuongeza hamu zipo. Steroidi kama dexamethasone huamsha hamu kwa wiki chache, lakini zikikaa hupandisha sukari na kudhoofisha misuli. Megestrol huongeza uzito, mwingi ukiwa mafuta na maji, na inaweza kugandisha damu kwenye mishipa. Mwaka 2023 madaktari wa India walichapisha jaribio la wagonjwa 124 waliopewa dozi ndogo ya olanzapine, miligramu 2.5 kwa siku, au kidonge kitupu. Waliopewa dawa walipata hamu na uzito zaidi, na chama cha madaktari wa saratani cha Marekani kikaanza kuipendekeza. Ukiisoma kwenye karatasi ya boksi utaona ni dawa ya maradhi ya akili. Usitishike, dozi ni ndogo. Zote hizi ni za kuandikiwa, si za kununua kwa jirani.

Na mrija. Wiki ya tano shangazi alikuwa akimeza vijiko sita kwa siku, daktari akasema mrija wa puani. Shangazi akageukia ukuta. "Kumbe nimefika hapo." Muuguzi mmoja mtu mzima akavuta kiti. "Mama, hii ni ngazi. Tukishavuka tunaiondoa." Mrija ulikaa wiki saba. Ukiupata, usiondoke hospitali kabla hujalisha mwenyewe mbele ya muuguzi: kichwa kimeinuliwa, maji kabla na baada, na abaki ameketi baada ya kulishwa. Na aendelee kumeza hata mate na maji kidogo kama ameruhusiwa, maana misuli ya koo nayo husahau.

Onyo moja zito. Mtu ambaye hajala karibu chochote kwa zaidi ya siku tano asirundikiwe chakula ghafla siku anapopata nafuu. Madini ya damu yanaweza kuanguka na moyo ukayumba. Aanzishwe kidogokidogo chini ya daktari, akipimwa damu na kupewa vitamini B1 kwanza.

Akishindwa kushusha hata maji siku nzima, akitapika kila anachoweka, akipaliwa na kukohoa kila anapomeza, au akichanganyikiwa, hayo si mambo ya jikoni. Mpeleke.

Wakati wa kulegeza kamba

Kuna wagonjwa ambao ugonjwa umesonga mbele, tiba imesitishwa, na mwili umefunga mlango wa chakula. Kwao kulazimisha huleta kupaliwa, kutapika na ugomvi. Mwambie daktari akuambie waziwazi mko wapi. Ikiwa mko hapo, mizani iwekwe uvunguni, apewe anachotamani kijiko kwa kijiko, midomo ilowanishwe. Kutokula hapo ni kazi ya ugonjwa. Si njaa uliyomwachia wewe.

Baada ya matibabu

Mionzi ikiisha, vidonda huendelea kuuma wiki kadhaa na ladha hurudi polepole, wakati mwingine kwa miezi. Usifunge daftari siku ya kikao cha 35. Shangazi alishuka kilo moja nyingine baada ya kumaliza, akafika 62, ndipo akaanza kupanda.

Alirudi Voi kwa treni mwezi wa tatu baada ya tiba, na kitu cha kwanza kupika kilikuwa kimanga chake cha mihogo na maharagwe, kimepondwa laini, na kijiko cha omena ambacho hakuwaambia majirani. Kila Jumatatu kabla ya saa moja simu yangu hulia. Ujumbe wa juzi ulikuwa mfupi: "64.5. Kanga tu."